Mvua na Jicho la Jirani

Mvua zikishaishika ardhi, njia haiwi njia tena. Palipokuwa na vumbi juzi pameota majani mateke. Konokono wanavuka bila haraka, siafu wamegeuza msafara wao, vyura wachanga waliotoka majini jana wanarukaruka kila penye unyevu, na nyungunyungu waliofukuzwa shimoni na maji wamelala juu ya tope, hawana pa kujificha. Mpita njia haoni kitu hapo ila utelezi. Aliyeinama huona mji mzima, wenye wakazi, watoto na safari zake, na huona pia kwamba kila unyayo unaotua unaua. Hakuna ubaya uliokusudiwa. Mtu anakwenda zake, pengine kwenye jambo jema, pengine kwenye ibada. Lakini uzito wa mwili wake haungoji kuiuliza nia yake. Picha hii ya mguu na jani changa ni ndogo, na ingeweza kupita bila kuandikwa popote. Kwa bahati njema iliandikwa, na kutokana nayo ikazaliwa desturi ambayo mpaka leo huwaweka watawa mahali pamoja kwa miezi mitatu ya kila mwaka, kuanzia Sri Lanka hadi Laos.

Kisa chenyewe kimo katika Vinaya, mkusanyiko wa kanuni za watawa wa Kibuddha, kwenye sehemu iitwayo Mahavagga. Buddha alikuwa Rajagaha, katika ufalme wa Magadha huko India ya kaskazini, na wafuasi wake walikuwa wakizunguka vijijini majira yote, kiangazi, baridi na masika. Watu wakaanza kunung'unika. Walisema kwamba watawa hawa wanakanyaga majani mabichi na kuangamiza viumbe vidogo kwa wingi, ilhali watawa wa madhehebu mengine hutulia mvua zinaponyesha, na hata ndege hujenga viota vyao juu ya miti wakakaa. Buddha hakujibu kwamba mafundisho hayawezi kungoja hali ya hewa. Hakuwaambia watu kwamba hawaelewi ukubwa wa kazi inayofanywa. Aliagiza watawa watulie. Hiyo ndiyo asili ya vasa, yaani mafungo ya majira ya mvua. Mtawa huingia vasa siku moja baada ya mwezi mpevu wa Asalha, ambao kwa kawaida huangukia Julai, na hutoka katika mwezi mpevu wa tatu baada ya huo, ambao kwa kawaida ni wa Oktoba. Aliyechelewa ana ruhusa ya kuanza mwezi mmoja baadaye. Mwezi mpevu huohuo wa Asalha ndio waumini wanapoadhimisha hotuba ya kwanza ya Buddha, aliyowapa wenzake watano karibu na mji wa Varanasi. Kalenda imezipanga siku mbili zikifuatana: leo neno linatoka kwenda ulimwenguni, kesho miguu inaambiwa itulie.

Wengi wanaowaeleza wageni habari za vasa huisifu kwa ukimya wake. Husema ni majira ya kujitenga, ya kuuacha ulimwengu nje ya lango, ya mtu kukaa na nafsi yake wakati mvua inapiga juu ya paa. Maelezo hayo yana utamu, na mtu wa mjini aliyechoka na honi za magari huyapokea upesi. Mimi naona yanakosa kiini. Ukizifuata kanuni za vasa moja baada ya nyingine, tangu manung'uniko yaliyoizaa hadi ibada inayoifunga, unakuta kwamba jambo linalolindwa humo ni kuonekana. Mtembezi ana uhuru ambao hatuutaji mara nyingi: huondoka kabla hajajulikana. Kasoro zake huzisambaza vijiji kumi, kila kijiji kikaona kipande kidogo tu, na asubuhi yuko njiani tena, safi machoni pa wenyeji wapya. Wahenga wetu waliujua uhuru huo waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ndiyo siku ambayo mgeni anaanza kuwa jirani, na jirani ana macho. Vasa ni siku ya tatu iliyonyooshwa ikawa miezi mitatu. Inamtaka mtu aliyeacha nyumba, mke, mali na ukoo akubali tena kitu ambacho ukoo ulikuwa nacho juu yake, yaani kujulikana kwa undani na watu wasioweza kumkwepa wala yeye kuwakwepa.

Ushahidi wa kwanza ni mahali panaporuhusiwa na mahali panapokatazwa. Mtawa haruhusiwi kukaa vasa ndani ya pango la mti, wala kwenye panda ya matawi, wala chini ya mwavuli, wala ndani ya mtungi mkubwa wa maji, wala kwenye kibanda cha kuwekea maiti. Kila katazo katika orodha hiyo limeandikiwa sababu, na sababu ni ileile: watu waliona, wakalalamika. Wakaao ndani ya mti walifananishwa na mashetani, wakaao kwenye panda wakafananishwa na wawindaji. Tena tazama ni mahali pa namna gani. Ni mahali pa mtu mmoja tu, penye nafasi ya mwili wake na si zaidi, ambapo hapana mlango wa kubisha wala kiti cha pili. Sasa geukia panaporuhusiwa. Mtawa anaweza kukaa vasa kwenye zizi la wafugaji; zizi likihama, ahame nalo. Anaweza kukaa vasa ndani ya msafara wa wafanyabiashara. Anaweza kukaa vasa ndani ya merikebu. Nayachukulia maneno hayo kwa uzito mkubwa, kwa sababu merikebu haitulii na msafara haukai. Kama kusudi la kanuni lingekuwa kuusimamisha mwili mahali pamoja pa ardhi, ruhusa hizi zingekuwa upuuzi. Zina maana ukikubali kwamba kinachotakiwa kisibadilike ni watu. Mabaharia walewale, wachungaji walewale, kwa muda unaotosha kumfahamu mtu. Kuna kanuni nyingine inayolithibitisha hilo: kijiji kinachowalisha watawa kikihama kwa kuogopa wanyang'anyi, watawa wanaruhusiwa kukifuata kijiji. Wanaacha majengo na kufuata wenyeji.

Hata ruhusa ya kutoka inasema jambo lilelile. Mtawa aliye ndani ya vasa anaweza kuondoka kwa siku zisizozidi 7 akiwa na haja ya kweli, na miongoni mwa haja hizo ni ugonjwa wa mtawa mwenzake na ugonjwa wa mama au baba yake. Kwa hao anaruhusiwa kwenda hata kabla hajaitwa. Mtu aliyefunga miezi mitatu kwa ajili ya kuukimbia ulimwengu asingeandikiwa kanuni ya namna hiyo. Imeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye bado ana mama.

Lakini ushahidi ulio mzito kuliko wote ni kisa cha watawa wa ufalme wa Kosala, na ningependa tukitazame bila haraka. Walikuwa marafiki, wanaelewana, na walitaka kuimaliza vasa kwa amani bila ugomvi hata mmoja. Wakapatana wasisemezane. Aliyerudi wa kwanza kutoka kuomba chakula alitandika mahali pa kukaa, akaweka maji ya kunawia miguu na ya kunywa. Aliyerudi wa mwisho alikula kilichobaki kama alitaka, akaosha vyombo, akafagia. Aliyeona mtungi mtupu aliujaza. Ukimshinda uzito, alimwashiria mwenzake kwa mkono, wakasaidiana, bila neno. Miezi mitatu ikapita hivyo. Ni nyumba ambayo wengi wetu tungeitamani: hakuna kelele, hakuna masengenyo, kazi zinafanyika, kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi. Wakaenda mji wa Savatthi kumsalimu Buddha, naye akawauliza walivyokaa. Walimjibu kwa furaha kwamba wamekaa raha mustarehe, wakaeleza njia yao. Jibu lake lilikuwa kali. Aliwaambia kwamba wameishi vibaya huku wakidai wameishi vizuri, kwamba wamekaa kama mifugo inavyokaa zizini, na akakataza watawa wasichukue tena nadhiri ya kutosemezana. Palepale akaweka ibada mpya ya kuifunga vasa, pavarana, ambamo kila mtawa huwaalika wenzake wamwambie makosa waliyoyaona kwake, waliyoyasikia au wanayoyashuku.

Anayeiita vasa sherehe ya ukimya ana deni la kukieleza kisa hiki. Ukimya ulijaribiwa, ukafaulu kwa kipimo chake wenyewe, na ukakataliwa. Wala si mara moja tu. Vinaya inasimulia asili ya siku za uposatha, zile siku takatifu zinazofuata mwendo wa mwezi: Mfalme Bimbisara wa Magadha aliona kwamba madhehebu mengine hukusanyika siku maalumu za nusu mwezi na watu huwaendea kusikiliza, akapendekeza watawa wa Buddha nao wakusanyike. Walikusanyika, wakakaa kimya. Waliokuja kusikiliza walikasirika na kuuliza ni mkutano gani huu wa mabubu. Ndipo watawa walipoagizwa waseme, na baadaye waikariri orodha ya kanuni zao mbele ya wenzao kila nusu mwezi, kila mwenye kosa akiwa ameliungama. Mpaka leo mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndizo siku kuu za jambo hilo, na huko Sri Lanka kila mwezi mpevu ni sikukuu ya kitaifa. Kati ya 1966 na 1971 nchi hiyo ilifika mbali zaidi, ikaiacha Jumapili na kuzifanya siku za mwezi kuwa mapumziko ya juma. Visa vyote viwili, cha uposatha na cha vasa, vinakwenda njia moja: watu wamekaa pamoja, wamenyamaza, na kunyamaza kwao kumehesabiwa kuwa upungufu.

Sababu yake haiko mbali. Nyani haoni kundule. Mtu anaweza kutafakari miaka 20 akazipepeta fikra zake moja moja, na bado asijue kwamba humkatiza kila mtu maneno, au kwamba mdogo wake anamwogopa. Jicho halijioni. Watawa wa Thailand, siku ya kuamkia mwezi mpevu, hunyoana vichwa pamoja na nyusi, mmoja ameinama na mwenzake ameshika wembe, na hapo methali yetu ya kinyozi hajinyoi inatimia kwa maana yake ya nje. Pavarana ni maana yake ya ndani. Watawa hukusanyika mwezi mpevu unaofunga vasa. Huanza mkubwa wao, mwenye vasa nyingi kuliko wote. Huchuchumaa, hukunjua vazi begani, huunganisha viganja na kutamka mwaliko wake mara tatu: aambiwe kwa huruma yale yaliyoonekana, yaliyosikika au yanayoshukiwa, na akiyatambua atayarekebisha. Kisha anayemfuata, na anayemfuata, hadi aliyeingia juzi. Hapo mwanzo wote walitakiwa wabaki wamechuchumaa mpaka wa mwisho amalize. Mzee mmoja aliyedhoofika kwa umri akaanguka, ndipo kanuni ikalegezwa, kila mtu akaruhusiwa kukaa akishasema lake. Napenda kwamba jambo hilo halikufutwa katika maandiko. Linatuonyesha kwamba mzee naye aliulizwa, na aliulizwa akiwa katika mkao uleule wa kijana.

Aliulizwa hata mwalimu mwenyewe. Katika moja ya mazungumzo yaliyohifadhiwa, Buddha yuko Pubbarama, makao yaliyotolewa na bibi Visakha karibu na Savatthi, amezungukwa na watawa wapatao 500 usiku wa pavarana, na anawauliza kama wana la kumlaumu kwa tendo au kwa neno. Sariputta, mwanafunzi wake mkuu, anajibu kwamba hawana. Mtu anaweza kusema jibu lilijulikana kabla ya swali, na pengine ni kweli. Lakini swali liliulizwa hadharani, kwa kanuni ileile, na kiongozi ambaye wafuasi wake walimwamini kuwa amekamilika. Baada ya hapo hakuna mkuu wa makao yoyote anayeweza kusema cheo chake kimemwondolea wajibu huo.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wenye kupenda sababu za wazi. Watasema: yote haya ni mapambo, mvua za India zilifunga njia, mito ikafurika, watu wakabaki majumbani, na dini ikaibariki hali ya hewa. Madhehebu ya Kijaini nayo yana miezi yake minne ya kutulia, kwa hiyo hapana siri. Nakubali kwamba chanzo ni mvua. Nauliza tu kwa nini desturi iliendelea pale mvua zilipokosekana. Anuradhapura, mji wa kale wa Kibuddha katika ukanda mkavu wa Sri Lanka, hupata mvua zake kubwa kuanzia Oktoba, pepo za kaskazini-mashariki zinapoanza, na hivyo vasa yake huangukia miezi ya jua kali. Wakorea wana mafungo mawili ya miezi mitatu, moja la kiangazi na jingine la kipupwe, wakati ardhi imeganda na hapana mdudu wa kukanyagwa. Na tusiende mbali. Upanga, jijini Dar es Salaam, pana hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala waliohamia Tanganyika mapema katika karne ya 20. Mtawa wa mapokeo ya Theravada akaaye hapo anafungwa na mwezi wa Asalha uleule. Masika yetu imekwisha Mei, vuli bado, kusi inavuma, barabara ni kavu. Yeye yuko ndani ya majira ya mvua. Desturi iliyoweza kuvuka bahari na kuyaacha mawingu yake nyuma ina mzizi mwingine chini ya ule wa kwanza, na mzizi huo ndio ninaoutafuta hapa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linatoka ndani ya maandiko yaleyale. Ikiwa kukaa pamoja ni dawa, mbona watawa wa mji wa Kosambi waliumizana kwa kukaa pamoja? Ugomvi wao ulianza kwa jambo dogo kabisa. Wafafanuzi wa kale wanasema ni maji yaliyoachwa katika chombo cha chooni. Jamii ikagawanyika pande mbili. Buddha alijaribu kuwapatanisha, wakamwomba awaachie ugomvi wao, naye akaondoka. Mapokeo yanasema alikaa vasa hiyo katika msitu wa Parileyya, akihudumiwa na tembo aliyechoshwa na kundi lake. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, na hapa hata mwalimu alichagua msitu. Sidhani kisa hiki kinapaswa kulainishwa. Kinaonyesha kwamba ukaribu peke yake hauponyi mtu; wako waliokaa chumba kimoja maisha yao yote wakazidi kuchukiana, na kanuni zenyewe zinamruhusu mtawa kuivunja vasa bila kosa akiona farakano linakuja. Lakini tazama mambo yalivyomalizika. Wenyeji wa Kosambi walikataa kuwasalimu watawa hao na kuwapa chakula. Njaa ikawashika, wakaenda Savatthi kutafuta suluhu. Ni yale manung'uniko ya Rajagaha yaliyorudi kwa sura nyingine. Watawa waliposhindwa kuambiana ukweli, kijiji kiliwaambia kwa bakuli tupu.

Pingamizi la tatu ni la mtu aliyewahi kuumizwa na ulimi wa wenzake, na huyo asipuuzwe. Anajua kwamba mwaliko wa kukosolewa hugeuka upesi kuwa uwanja wa kulipiza visasi. Mwenye kundi kubwa husema, mnyonge husemwa. Anayeshuku hutaja alichoshuku mbele ya watu, na sifa ya mtu huvunjika kwa neno ambalo halikuthibitishwa. Vinaya inaijua hatari hiyo na haikuiachia bahati. Anayetaka kumkosoa mwenzake hutakiwa kwanza amwombe ruhusa. Hutakiwa ajipime kwa mambo matano: je, anasema kwa wakati ufaao, anasema kweli, anasema kwa upole, anasema kwa faida ya anayeambiwa, anasema kwa moyo wa upendo? Anayeleta shtaka zito siku ya pavarana naye huhojiwa, aeleze aliona nini, lini, wapi; akishindwa kueleza, shtaka halisimami. Sisemi kanuni hizi zimewazuia wabaya wote. Hakuna kanuni ya namna hiyo. Nasema kwamba walioziandika hawakuwa watu wa ndoto. Walijua kwamba kusemwa kunaweza kuua, wakaona kutosemwa kunaua pia, taratibu na bila damu, na wakaamua kuyawekea maneno uzio badala ya kuyafukuza.

Kwa waumini wa kawaida, vasa ina rangi nyingi zaidi. Huko Ubon Ratchathani, mashariki mwa Thailand, huanza kwa maandamano ya mishumaa mikubwa ya nta iliyochongwa sanamu za visa vitakatifu, kumbukumbu ya mishumaa waliyopelekewa watawa ili wapate mwanga usiku wa mvua. Watu hutoa pia kitambaa cha kuogea mvuani, desturi inayorudi kwa Visakha yuleyule: mtumishi wake alitumwa kuwaita watawa chakulani, akawakuta wakioga mvua wakiwa uchi, akarudi kusema hakuona watawa. Visakha aliomba aruhusiwe kuwapa nguo maisha yake yote. Hapa tena jicho la nje limeona, na kuona kwake kumezaa sheria na sadaka pamoja. Vijana wa Thailand huingia utawa kwa vasa moja, na mtumishi wa serikali ana haki ya likizo ya hadi siku 120 kwa jambo hilo. Huko Myanmar wengi hawaozi wala hawahami nyumba katika miezi hii. Ikifika Thadingyut, sikukuu ya taa ya Oktoba, vijana huwaendea wazazi, walimu na wazee, wakapiga magoti na kuomba radhi kwa makosa ya mwaka, wakiwa na zawadi mkononi. Ni pavarana iliyotoka nje ya ukuta wa watawa, ingawa imegeuzwa mwelekeo: ndani mkubwa hutangulia kuuliza, nje mdogo ndiye anayeomba. Nadhani kitu kilipotea katika kugeuzwa huko, na nitakirudia.

Wapo pia wanaoacha pombe miezi hiyo mitatu, na kwa zaidi ya miaka 20 kampeni za afya nchini Thailand zimeitumia vasa kuwahimiza. Lawama dhidi yao ni ileile tuliyozoea kuisikia ikielekezwa kwa wafungao Ramadhani na Kwaresma: kwamba Oktoba ikifika chupa zinarudi mezani, na kwamba utakatifu wenye tarehe ya mwisho ni unafiki. Silikubali hilo. Mnafiki huficha anachofanya. Mtu anayetangaza kijijini kwamba hatakunywa mpaka mwezi mpevu wa tatu amejiweka chini ya macho ya kila muuza duka, na akishindwa atashindwa hadharani. Anaweza kuwa dhaifu, na wengi wetu tu dhaifu. Amekubali tu udhaifu wake uwe na mashahidi.

Vasa ikifungwa hufuata katina, majuma manne ya kutoa nguo. Inasimuliwa kwamba watawa 30 waliokuwa wakienda kumwona Buddha walizuiwa na mwanzo wa vasa wakiwa mjini Saketa, karibu kufika. Walitulia miezi mitatu wakimtamani, kisha wakasafiri katika matope, wakafika mavazi yamelowa. Ndipo ikaruhusiwa kitambaa kitolewe baada ya vasa. Masharti yake yanapendeza kwa jinsi yanavyokataa umimi. Hakipewi mtu, hupewa jamii nzima, na jamii huamua nani anakihitaji. Wanatakiwa watawa wasiopungua watano. Vazi likatwe, lishonwe na kutiwa rangi siku ileile, na kila aliyepo asaidie, hata awe msomi wa namna gani. Baada ya miezi ya kuambiana kasoro, wanakaa chini pamoja na sindano, na ambaye pengine alisemwa wiki iliyopita anaweza kuwa ndiye anayeshonewa. Nao umri wa mtawa, katika jamii hii, hauhesabiwi kwa miaka ya kuzaliwa. Huhesabiwa kwa vasa. Mwenye umri wa miaka 70 aliyeingia mwaka jana humwinamia kijana wa miaka 30 mwenye vasa 10, kwa sababu kijana huyo amekubali mara kumi kukaa mahali ambapo asingeweza kujificha.

Ninaloliona kuwa dosari ya wakati wetu ni kwamba mishumaa ya Ubon hupigwa picha na maelfu, mashua za Oktoba kwenye mto Mekong hushangiliwa, na pavarana, iliyo moyo wa jambo zima, hufanyika ndani ya mpaka wa watawa na haitajwi na mtu. Wanaotoka nje na desturi hutoka na sehemu iliyo rahisi kubeba. Hata Thadingyut ilichukua magoti ya mdogo ikaacha magoti ya mkubwa. Huku kwetu tuna magoti ya wadogo tele. Shikamoo zetu hazina upungufu, na msamaha wa mtoto kwa mzazi, wa mfanyakazi kwa bosi, wa muumini kwa kiongozi wake wa dini, tunaujua vizuri. Tusichokuwa nacho ni siku inayojulikana, iliyoandikwa kwenye kalenda, ambayo mwalimu mkuu husimama mbele ya walimu wake, mwenyekiti wa chama mbele ya wanachama, baba mbele ya wanawe, akauliza mara tatu aambiwe alichokosea, na wao wakajua kwamba kesho hawataadhibiwa kwa jibu. Mtu hahitaji kuwa Mbuddha ili aiweke siku hiyo. Wewe msomaji, ukiwa na watu walio chini yako na ukitaka kuijaribu, wape kwanza hakikisho hilo la kutoadhibiwa mbele ya mashahidi, halafu anza wewe.